Intavyu ya MBA: bameniita, sasa najitayarisha namna gani?

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Yambo kwenu wote. Niko na swali kwa bale balishapita hii njia. Nilituma dosye yangu INSEAD, ile shule ya Fontainebleau huko Ufaransa, kwa MBA (masomo ya juu ya uongozi wa biashara) ya miezi 10, na juma lililopita banajibu kwamba nimechaguliwa kwa intavyu. Ni mbili, kila moja na mutu aliyesomaka pale zamani, mumoja eko Johannesburg mwingine Paris. Nyumbani ni furaha tupu lakini miye usingizi umenikimbia.

Nafanya kazi mu kampuni ya transiti hapa L'shi, tunapakia katodi za shaba Kolwezi na Likasi tunazipitisha Kasumbalesa, mupaka wa Zambia, mpaka Durban ao Dar es Salaam. Nilianza kwa kujaza makaratasi ya duane (forodha), leo naongoza timu inayopanga malori. Kifaransa hakuna shida, Kiingereza nakisoma na kukiandika vizuri tu, lakini kukiongea saa nzima na mutu nisiyemujua njo kinanitia baridi.

Rafiki mumoja alinipa karatasi ya maswali na majibu tayari, anasema nikariri yote. Nimejaribu, najisikia kama mutoto anayesoma shairi mbele ya mwalimu. Kisha iko na ile mambo ya kujisifu, siye tulikomaa tunaambiwa mutu hajisifu mwenyewe, wengine njo banakusifu, sasa mbele ya hawa bazungu ao hata muafrika mwenzangu nitajisemea nini pasipo kuonekana mwenye kiburi? Na ile "kwa nini MBA, kwa nini sasa", jibu liko mu moyo kabisa lakini likitoka mu kinywa linakuwa la kila mutu. Aliyepitia anisaidie tafadhali.

---

YaDido_JHB (mwana L'shi, niko Johannesburg)

Mudogo, hongera sana, kufika pale haiko kitu kidogo. Mimi nakaaka upande ule mwingine wa meza, nahoji bakandida kwa shule niliyosoma (si hiyo yako), njo maana nitakuambia vile inaonekana kutoka huku.

Ile karatasi ya majibu itupe. Nasema kweli, itupe. Nyuma ya dakika mbili mutu aliyekariri anajulikana, macho yanaenda juu kutafuta mustari unaofuata, na nikimukatia na swali dogo tu, "huyo boss alisema nini pale?", anapotea. Usitayarishe majibu, tayarisha hadithi zako. Kaa chini na buku, andika mambo matano ao sita yaliyokufikia kweli kwenye kazi: wakati ulipoongoza batu, wakati ulipogombana na mwenzako ao mukubwa wako, wakati kitu kiliharibika mikononi mwako, wakati ulibadilisha namna kazi ilikuwa inafanyika, wakati ulimushawishi mutu ambaye hakuwa chini yako. Maswali yatakuja na nguo tofauti lakini ukiyavua utakuta ni hayo hayo, na hadithi moja inaweza kujibu maswali matatu.

Sasa juu ya kujisifu. Unajua mimi nafanya nini nikimaliza kuhoji? Naandika ripoti. Kamati ya shule njo inaamua, mimi naandika tu kile nilichosikia. Kandida akiniambia "tulipanga, tulifanya, tulifaulu" mi nabaki na kalamu hewani, sijui yeye alikuwa wapi mu ile "tu". Batu wa kwetu njo banapotea hapo, na banapotea juu ya adabu nzuri kabisa. Kiburi ni kusema "mimi ni kiongozi muzuri". Kusema "saa ile shefu alitaka tungojee, mi nilipiga simu Likasi nikaomba bafungue depo usiku" haiko kiburi, ni habari ya kitu kilichotokea. Wape batu wa timu yako heshima yao, bataje kabisa, kisha sema wewe uliamua nini.

Na kitu kingine, weye uko mu shaba na cobalt (madini ya betri), usifikiri atakuuliza maisha yako peke yake. Mi ningekuuliza juu ya sekta. Februari 2025 Kongo ilifunga eksport ya cobalt, kisha mu Oktoba ikaleta kota, yaani kiasi kilichopimwa kwa kila kampuni: je, kwenye kazi yako hiyo ilibadilisha nini? Njia ya reli ya Lobito, bandari ya Angola, ikipata nguvu, shaba ya Kolwezi ikienda Angola kwa treni, kampuni inayoishi na malori ya Kasumbalesa itakula nini? Hapo hakuna jibu la kukariri. Mutu akinipa maoni yake mwenyewe, hata nisipokubaliana naye, ile nusu saa inapita mbio na ripoti yake inajiandika.

---

Mapendo_wa_Nguba (Bukavu)

Asante yaya Dido kwa haya yote. Kaka wa Kamalondo usiogope. Mimi nilihojiwa nikiwa hapa Bukavu kwa skrini, shule ya Ulaya pia, nikapita, kwa hiyo niongeze ya kwangu.

Kwanza Kiingereza. Hawatafuti lafuzi ya London. Wanatafuta kama utaweza kukaa mu kikundi cha wanafunzi wa nchi kumi na ukasikika. Mimi nilifanya hivi, kila jioni nilichukua hadithi moja (zile za buku anazosema yaya Dido) nikairekodi kwenye simu kwa Kiingereza bila kusoma mahali popote, kisha nikasikiliza. Ya kwanza ilikuwa dakika sita! Nikakata mpaka ikabaki mbili. Kusikiliza sauti yako ni kugumu lakini unajua palepale neno gani linakukwama, unalitafutia mwenzake mwepesi, basi. Na jifunze kusema pole pole. Mutu wa Kifaransa akiogopa anakimbiza Kiingereza.

Pili, kuhusu hadithi zenyewe, usitafute kitu kikubwa cha kushangaza. Yangu iliyobeba intavyu yote ilikuwa ya Goma, nilikuwa nafanya kazi kule kwenye kikundi cha akiba na mikopo, wanamemba wengi ni mama wa soko. Mnakumbuka Nyiragongo ilipasuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye, tarehe 27, serikali ikaamuru sehemu ya muji ihame. Watu walienda Sake, wengine Gisenyi, wengine mashua mpaka huku Bukavu. Mimi nilichukua madaftari ya wanamemba, yale ya mkono, nikayafunga mu sashe mbili za plastiki nikapanda nayo mashua, kwa sababu kompyuta ya ofisi ilikuwa na data ya zamani, deni na akiba za karibuni zilikuwa kwenye karatasi tu. Nikafika Bukavu nikaanza kupigia wanamemba simu mmoja mmoja, kupanga namna gani aliye huku atoe kidogo kwa akiba yake ale. Meneja alikuwa anaogopa, anasema tusubiri turudi Goma. Nikamwandikia kwa ujumbe kwamba nitalipa kidogo kidogo tu, kila mama asaini, na kila jioni nitamtumia picha ya ukurasa. Akakubali.

Yule aliyenihoji aliuliza maswali juu ya hii peke yake karibu nusu ya wakati. Ulijuaje kiasi gani utoe? Nani alikataa? Ungekuwa meneja ungeogopa nini? Niliyajibu yote kwa sababu nilikuwa pale. Hadithi ya kubuni haiwezi kuvumilia maswali ya aina hiyo.

---

Baraka_Himbi (Goma)

Natofautiana kidogo na bro Dido kwenye kukariri. Hadithi hapana, usikariri, lakini mwanzo ule wa "jitambulishe" mimi naona ukariri kabisa, dakika moja na nusu, kwa sababu ndipo baridi inapokuwa kali na ukianza vizuri mwili unatulia. Na usiisome CV yako kuanzia shule ya msingi, anayo mbele yake. Sema ulipoanzia, pale kazi yako ilipogeuka, na kwa nini leo uko mbele yake.

Halafu kwa wengine watakaosoma hapa baadaye, jueni shule hazifanani. Harvard anayekuhoji ni mtu wa ofisi ya udahili, ameisoma dosye yako yote, ni dakika 30 na maswali yanatoka ndani ya yale uliyoandika, kwa hiyo irudie dosye yako mpaka uijue. Wharton wanawaweka watu watano au sita pamoja, dakika 35 mjadiliane jambo moja mtoke na pendekezo, kisha kila mtu anabaki na mhoji dakika kama kumi. Hapo anayenyamaza anaumia na anayemeza mazungumzo yote anaumia zaidi, wanaangalia kama unaweza kumchukua mwenzako asiyesema ukamwingiza. HEC Paris kuna kutoa presentasio fupi kwa mada unayochagua mwenyewe, dakika 10. Shule nyingine zina video ya kurekodi, swali linatokea kwenye skrini palepale, unapewa muda mfupi wa kufikiri kisha saa inahesabu, hakuna mtu upande wa pili wa kukutabasamia. Ile fanyieni mazoezi peke yake, inashangaza.

Swali la kushindwa: usije na "udhaifu wangu ni kufanya kazi sana". Leta kitu kilichogharimu. Mteja aliyeondoka, pesa iliyopotea, mtu wa timu uliyemsikiliza vibaya. Sema sehemu yako bila kumtupia mwingine, kisha kile unachofanya tofauti leo, na kiwe kitu mtu anaweza kukiona.

---

Mwana_Kamalondo

Benu, sijui niwashukuru namna gani. Nimeandika hadithi moja jana usiku, naiweka hapa muipige:

"Mwaka jana malori yetu yalikuwa yanakaa sana Kasumbalesa. Tuliona kwamba shida ni makaratasi. Tulianzisha sistemu mupya ya kuchunguza dosye na tulipunguza siku za kungoja. Mteja alifurahi."

---

YaDido_JHB

Iko na nyama lakini umeifunika. Nakuuliza kama ningekuwa mbele yako. Nani aliona shida ni makaratasi, na aliionaje? Mbele ya pale kila mutu alikuwa anasema shida ni nini? Nani hakutaka hiyo sistemu? Siku za kungoja zilikuwa ngapi, zikawa ngapi? Jibu haya kisha andika tena, usiongeze mapambo.

---

Mwana_Kamalondo

Sawa yaya. Kila mutu alikuwa anasema ni foleni ya mupaka, hakuna la kufanya. Mi nilichukua dosye za malori ya mwezi mumoja nikaziweka kando kando, nikaona yale yaliyokawia zaidi yalikuwa na kosa moja: uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya mine (mgodi) haulingani na ule wa deklarasio, tofauti ndogo ya kilo, lakini duane inarudisha. Nikaomba batu wa depo ya Likasi banitumie picha ya tiketi ya mizani jioni mbele ya lori kutoka. Mukubwa wa depo alikataa, anasema ni kumuongezea kazi na kwamba mi si mukubwa wake. Nikaenda kwake, nikakaa naye siku nzima kwenye mizani, nikaona kweli bana mutu mumoja tu wa usiku. Nikamuomba shefu wangu atume kijana wetu mumoja asaidie pale. Njo akakubali. Lori lililokuwa linaweza kukaa siku nne mupakani juu ya karatasi, likawa linapita siku ile ile ao kesho yake.

---

YaDido_JHB

Sasa njo naona mutu! Ile siku uliyokaa kwenye mizani usiiache nje kamwe, pale unaonyesha unasikiliza, na yule mukubwa wa depo umemuacha na heshima yake. Na tazama, jibu la "kwa nini MBA" liko ndani humo humo. Wewe unajua kuondoa tatizo moja la lori moja. Hujajua bado kupanga bei, kusoma hesabu za kampuni nzima, kuamua kama muhame na reli ya Lobito ao mubaki na barabara. Sema hivyo, kwamba unataka kurudi kuendesha kampuni ya lojistiki inayounganisha reli na malori hapa Katanga na unakosa hiki na hiki. Itakuwa yako, hakuna mwenye kukufanana.

Mwisho wakikupa nafasi ya kuuliza, muulize yeye mwenyewe, kwa mufano kama alibadilisha kampasi kati ya Fontainebleau na Singapore na ilimusaidia nini kwenye kazi. Usimuulize kitu kilichoandikwa kwenye tovuti.

---

Mapendo_wa_Nguba

Imekuwa nzuri mpaka nimeisoma mara mbili. Kaka, mambo ya saa: Lubumbashi na Johannesburg zina saa ile ile, lakini Paris wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa moja, wakati wa joto tunalingana. Na kalenda nyingi ukichagua Kongo zinakupa saa ya Kinshasa, ambayo pia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo chagua Lubumbashi na uwaandikie tena kuhakikisha. Umeme usiutegemee, chaji kompyuta na simu, weka mega za mitandao miwili, na namba yake ya simu uwe nayo umwandikie ikikatika.

Tufanye mazoezi Alhamisi saa 20 ya kwetu kwa WhatsApp, mimi nitakuhoji kwa Kiingereza dakika 40. Baraka kama una nafasi uingie usikilize, uandike kila pale anaposema "tuli".

---

Baraka_Himbi

Nipo Alhamisi. Nitakuja na swali la cobalt.

---

Mwana_Kamalondo

Alhamisi saa 20 niko. Naenda kuandika ile ya kushindwa sasa hivi.