Binti yangu anajua kujumlisha na kutoa, lakini mafumbo ya hesabu yanamshinda. Nimsaidieje?

Mzazi wa Tabata

Wazazi na walimu, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la nne katika shule ya serikali, na mwishoni mwa mwaka atafanya upimaji wa kitaifa. Ukimwandikia 345 kutoa 178, anakopa vizuri na kukupa 167 bila kusita, lakini hesabu ya namna hiyo ikiwekwa ndani ya maneno, anababaika. Jana alikuwa na fumbo hili: "Asha ana maembe 12. Maembe hayo ni 5 zaidi ya maembe ya Juma. Juma ana maembe mangapi?" Alijibu 17 papo hapo. Nilipomuuliza sababu, akasema kwamba tuisheni wamefundishwa wakiona neno "zaidi" wajumlishe. Nilimrudishia mara tatu, akapata 17 mara zote tatu, mwishowe akaanza kulia. Naomba mnielekeze: hili ni tatizo la hesabu au la kusoma, na nianzie wapi?

Mwalimu wa Hisabati, Temeke

Pole, mzazi mwenzangu. Kwa maelezo yako, kutoa na kujumlisha anakujua vizuri. Asichofanya ni kulisoma fumbo. Anatafuta namba mbili na neno moja la kumwambia azifanyeje, kisha anaanza kukokotoa. Kanuni ya "zaidi ni kujumlisha" inapendwa kwa sababu inatoa majibu sahihi katika mafumbo mepesi, lakini fumbo lako linaonyesha inapoangukia: neno ni lilelile, ila anayetafutwa ndiye mwenye machache.

Wala si watoto wetu tu. Kuelekea mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wadogo wa shule ya msingi swali lisilo na jibu: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walitaja umri walioupata kwa kuzichezea namba hizo. Walikuwa wamezoea kwamba namba zikitajwa ni lazima zitumike.

Mimi hufanya hivi. Ninaziba namba kwa karatasi na kumwomba mtoto anisimulie habari yenyewe kwa maneno yake: ni nani na nani, wana nini, na yupi ana vingi? Asipoweza kusimulia, hatugusi kalamu. Akiweza, anachora mistatili miwili, mmoja wa Asha na mwingine wa Juma, mrefu ukiwa wa yule mwenye mengi, na kipande kinachozidi anakiandika 5. Hapo ndipo ninaondoa karatasi. Akishapata jibu, alirudishe kwenye habari na kujiuliza kama Juma mwenye maembe 17 anaweza kweli kuwa amezidiwa na Asha mwenye 12.

Mama Genge, Mbagala

Ninakubaliana na mwalimu, ila ningeanzia mbali na daftari. Mwanangu hunisaidia gengeni: mteja akichukua mafungu matatu ya nyanya ya shilingi 500 na kutoa shilingi 2,000, anarudisha chenji ya 500 bila kuandika popote. Hesabu hiyohiyo aliyoikuta kwenye daftari ilimshinda, kwa sababu hakujua kwamba "alirudishiwa kiasi gani" ndiyo chenji anayoirudisha kila siku. Tulichofanya ni yeye kutunga mafumbo ya genge na kunipa mimi niyafanye. Anayetunga hana budi kujua kila namba imetoka wapi.

Baba wa Sinza

Niongeze kwa walio na watoto katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Wangu alisoma kwamba basi liliondoka 8:30 na kufika 10:15. Kwa kuwa nyumbani tunahesabu saa kwa Kiswahili, aliigeuza saa ya kuondoka kuwa saa 2:30, akaisahau ya kufika, akapata safari ya saa 7 na dakika 45 badala ya saa 1 na dakika 45. Siku hizi namtaka asimulie fumbo zima kwa Kiswahili kwanza.

Mzazi wa Tabata

Nawashukuru sana. Leo tumeziba namba na kuchora. Mwanzoni alimpa Juma mstatili mrefu, nikanyamaza, akasoma tena kwa sauti, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwenye machache ni Juma?" Akafuta mwenyewe na kupata 7. Baada ya chakula ametunga fumbo la daladala lenye abiria 28, ambalo Buguruni walishuka 9 na kupanda 6. Nimejibu 25, naye amenisahihishia kwa kalamu nyekundu. Sasa nina swali moja: je, nimwambie mwalimu wa tuisheni kuhusu ile kanuni, au nitaonekana namfundisha kazi?

Mwalimu wa Hisabati, Temeke

Nenda na daftari. Mwonyeshe fumbo la Asha, na chini yake uandike hili: "Asha ana maembe 12. Juma ana maembe 5 zaidi ya Asha." Muulize kwa heshima ungemweleza vipi mtoto nyumbani kwa nini neno "zaidi" limeleta 7 hapa na 17 pale. Mwalimu anayeombwa ushauri hukaa na mzazi na kuyatazama mafumbo yote mawili.