Waandishi wa habari za malori Malindi na Lamu: tusajili chama chetu, tuingie kilichopo, au tukae na wenye malori?

Mwandani wa Sabaki (Malindi)

Assalaam aleikum, habari za jioni wote.

Tuko wachache hapa Malindi, na wenzetu wengine Lamu, ambao kazi yetu kubwa ni habari za malori: chumvi ya Gongoni na Marereni, mifugo inayoshuka kutoka Garissa na Tana River, embe zikiwa msimu, na sasa mizigo ya bandari ya Lamu. Kila mtu anajitegemea. Ukizuiliwa kwenye mizani ya malori barabarani na kamera yako huna wa kumpigia simu. Ndipo likaja wazo la chama. Kabla hatujachanga hata shilingi nimeona niwaulize ninyi mliotutangulia.

Njia zilizo mezani ni hizi. Moja, tusajili kikundi chetu chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka watu wasiopungua 10 na katiba. Ya pili ni kuingia kwenye vyama vya wanahabari vilivyopo, kama KUJ, muungano wa wanahabari wa Kenya ulioko tangu 1962, au Kenya Correspondents Association, tukaomba humo kitengo cha uchukuzi. Halafu kuna wenye malori fulani waliosema watatulipia ofisi na mafunzo, mradi tuwe chini yao.

Nimewaangalia pia wa Marekani. Wanacho chama cha kazi hii hii, Truck Writers of North America, kilichokusanya waandishi, wahariri na maafisa uhusiano wa makampuni pamoja. Hutoa tuzo ya ufundi yenye jina la marehemu Jim Winsor, aliyekuwa mhariri wa jarida la Heavy Duty Trucking, na inakwenda kwa kifaa au teknolojia mpya ya lori ambayo waandishi wenyewe wameipima. Tuzo hiyo imewahi kukabidhiwa kwenye maonyesho ya malori ya Louisville, Kentucky, yale yanayofanyika kila Machi. Moyo wangu uko kwenye njia ya kwanza, tukifuata mfano huo. Nyinyi mnaonaje?

Mzee wa Mizani

Wa aleikum salaam, mwanangu. Njia ya tatu iondoe mezani leo leo.

Simchukii mwenye lori. Nimekula chumvi yao miaka mingi. Lakini tazama kazi yenyewe. Lori likianguka daraja la Sabaki usiku, swali la kwanza ni dereva alikuwa barabarani tangu saa ngapi, na la pili ni breki zilikaguliwa lini. Majibu ya yote mawili yako kwa mwenye lori. Sasa yeye ndiye anayelipa kodi ya ofisi yenu. Nani ataliuliza hilo swali?

Nilimwona kijana mmoja akipewa safari na kampuni moja ya uchukuzi, jina nalihifadhi. Alilala kwenye kichwa cha lori mpaka Malaba na kurudi, akala nao, akapiga picha nzuri. Makala ilipotoka, habari ya madereva kukaa foleni siku kadhaa bila posho haimo. Alisema iliondolewa ili "wasimvunjie heshima mwenyeji". Kijana hodari kweli, na mpaka leo madereva wa ile njia hawamwambii kitu.

Na hata hao Wamarekani mnaotaka kuwaiga, hilo la afisa uhusiano na mwandishi kukaa chama kimoja lifikirini sana. Kule soko ni pana. Mwandishi ana jarida linalomlipa mshahara, afisa uhusiano ana kampuni yake, kila mtu anajulikana amevaa kofia gani. Huku kwetu mtu mmoja asubuhi anaandika habari, jioni anaandikia kampuni tangazo. Mkiwachanganya bila mpaka, kura ya chama itakwenda kwa mwenye bahasha.

Binti Mokowe (Lamu)

Shikamoo mzee. Kaka Mwandani, mimi nataka kuuliza kama mmeifikiria Lamu au mmeliweka jina tu.

Nyinyi Malindi mkitaka kwenda Mombasa ni kilomita kama 120, mnakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi nikitoka Mokowe napita Hindi, Witu, Gamba, ndipo nifike Minjila pale njia panda ya Garsen, na bado sijaiona Malindi. Usalama ukichafuka hatutembei ila kwa msafara wa polisi, na saa ya msafara haiamuliwi na mkutano wenu. Novemba 2023 maji ya Tana yalipokata barabara upande wa Gamba, malori yalilala huko na vitunguu vikioza chini ya turubai. Habari hiyo iliandikwa Nairobi na mtu asiyejua Gamba iko upande gani wa Witu. Sisi tulioko huku tulikuwa na picha na hatuna pa kuzipeleka.

Kwa hiyo chama kikiwa cha Malindi, na Lamu tukawa wageni waalikwa, sitaki. Kikiwa cha pande zote mbili, mikutano ya simu ihesabiwe kuwa mikutano, na iandikwe kwenye katiba.

Njia ya pili naijua kwa ndani kidogo. Faida yake ni uzito. Polisi akikushika, barua ya chama cha taifa inasikilizwa haraka kuliko ya kikundi kilichosajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Tena usichanganye mambo: kadi ya uandishi inatoka Baraza la Vyombo vya Habari, inafanywa upya kila mwaka, na kikundi chenu hakiwezi kuitoa. Yeyote atakayejiunga awe nayo kwanza. Hasara ni kwamba huko uchukuzi unamezwa na siasa. Ukileta mada ya mizani watu wanaangalia saa.

Kichwa na Trela

Naingia kama dereva anayeandika, maana naona mnazungumza juu yetu bila sisi.

Nimeendesha njia ya Mombasa mpaka Malaba, sasa napakia chumvi Gongoni kwenda Nairobi. Makala nyingi za malori zinaniudhi kwa sababu aliyeandika hajui kusoma tiketi ya mizani, ile karatasi ya uzito wa lori. Hebu chukueni trela ya ekseli 6, yaani mihimili 6 ya magurudumu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele, tani 18 zile mbili za nyuma ya kichwa, na tani 24 zile tatu za trela. Jumla tani 50. Mimi naweza kufika mizani ya Mariakani nina tani 49 kamili na bado nikashikwa, kwa kuwa wapakiaji wamerundika magunia mbele na zile ekseli mbili za kichwa zimezidi. Gazeti linaandika "lori lililozidisha mzigo". Msomaji anaona mwizi wa barabara. Kosa ni la mpangilio, na aliyepanga amebaki Gongoni anasubiri lori lingine. Mzigo wa konteina iliyofungwa ni hivyo hivyo, mimi dereva siwezi hata kuchungulia ndani.

Chama ambacho kitawakalisha waandishi siku moja, wakashika tiketi mkononi na kujumlisha wenyewe, mimi nitalipa ada. Kikiwa cha kuvaa vitambulisho shingoni, hapana.

Na mtukubali tuwe wanachama kamili. Kule Marekani jarida la Overdrive lilianzishwa 1961 na Mike Parkhurst, ambaye mwenyewe alikuwa dereva wa lori. Land Line nalo ni la chama cha madereva wenye malori yao, OOIDA. Dereva kushika kalamu hakuanza na mimi.

Maalim wa Shela

Nakubaliana na dereva kuhusu mafunzo, ila namshikia Binti Mokowe upande wake. Mtu anayeandika juu ya ajali, rushwa ya barabarani na kandarasi za bandari anahitaji wakili kabla ya kuhitaji semina. Kikundi cha watu kumi wanaojitegemea hakina mfuko wa wakili. Muungano unao angalau mlango wa kugonga.

Kwa nini isiwe zote mbili? Kila mmoja aingie muungano kwa jina lake, halafu kikundi kidogo kiwe cha kazi: mafunzo, kubadilishana habari, kukopeshana kamera.

Mwandani wa Sabaki

Mzee wangu, marahaba kwa ushauri, umenigusa. Njia ya tatu nimeiondoa. Wakitaka kutufundisha jinsi breki za upepo zinavyofanya kazi, waje watufundishe, chai tutanunua wenyewe.

Kuhusu maafisa uhusiano, sitaki kuwafukuza kabisa. Ndio wanaojua ratiba za meli na lini mzigo unatoka. Napendekeza wawe wanachama washiriki: wanahudhuria, wanasema, hawapigi kura, hawagusi tuzo. Anayeandikia kampuni tangazo atangaze hivyo, na asiandike habari ya kampuni hiyo hiyo. Maadili ya uandishi yaliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 tayari yanamkataza mwandishi kupokea zawadi ya kumpindisha. Sisi tutaje kwa majina yake vitu vya njia hii: safari ya bure, mafuta, malazi, bahasha.

Maalim, hilo la zote mbili limenikaa vizuri.

Kanta ya Mambrui

Tuzo mtampa nani lakini? Msiige ya Wamarekani. Wala ile ya Ulaya ya lori bora la mwaka, iliyoanza 1977 ambapo lori la kwanza kushinda lilikuwa Seddon Atkinson 200. Wale wanapima magari mapya kutoka kiwandani. Malori yetu wengi tunayapokea yameshatumika. Labda mpime kinachosaidia hapa: gereji yenye kazi safi, au kituo kilichowajengea madereva choo na pa kulala.

Binti Mokowe (Lamu)

Hilo la pa kulala nimelipenda mno. Tangu gati la kwanza la bandari yetu lifunguliwe Mei 20, 2021, nimehudhuria hotuba nyingi za gati na barabara, na dereva bado anatandika mkeka chini ya trela yake. Tuzo ya mahali pa kulala dereva ingeandikwa hata na hao wa Nairobi.

Kaka Mwandani, washiriki wasiopiga kura naafiki. Dereva awe mwanachama kamili, naafiki. Lakini nataka nafasi moja kati ya mwenyekiti na katibu iwe ya Lamu kila muhula.

Kichwa na Trela

Iwe. Na ada ilipwe kidogo kidogo kwa simu. Dereva hana mshahara wa tarehe.

Mzee wa Mizani

Jambo moja zaidi, na ni zito. Katibani muandike kwamba jina la dereva aliyetoa habari halitajwi bila ruhusa yake, hata mkutanoni, hata mbele ya washiriki wa makampuni. Njia ya Malindi ni ndogo, lori linajulikana kwa rangi ya turubai. Dereva mmoja akifukuzwa kazi kwa kuzungumza nanyi, wengine wote watafunga vioo.

Mwandani wa Sabaki

Nimeandika yote. Rasimu ya katiba nitaileta hapa hapa, ibara ya dereva na siri yake ikiwa ya kwanza, kisha ya washiriki, kisha ya viti vya Lamu na Malindi. Dada Mokowe, nitakuomba uisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Kaka Kichwa, ukipakia Gongoni tena nijulishe, na tiketi za zamani usizitupe. Tunaanza nazo somo la kwanza. Walio tayari kuwa miongoni mwa wale kumi waandike majina ya humu na waseme kama wana kadi ya Baraza ya mwaka huu.

Maalim wa Shela

Mimi nimo, kadi ninayo.

Kanta ya Mambrui

Nimo. Kadi sina, naanza kuiomba wiki hii.