Naomba ushauri: kuandika mwaka uliopita wa mji wa chuo
Habari zenu wakuu. Tunaandaa taarifa ya mwaka uliopita ya mji wa chuo, ila hesabu za wakazi, maji na taka hazikai sawa. Tukikata Januari hadi Desemba, mwaka wa masomo unakatika katikati, na mwanafunzi yuleyule anaonekana mwaka wa 2 na wa 3. Matumizi ya maji hushuka wakati wa likizo. Taka hufurika wiki ya kuhama hosteli, magodoro na viti vimerundikana kando ya njia. Wastani wa mwezi unadanganya kabisa. Tumelinganisha mwezi kwa mwezi na mwaka wa nyuma, lakini likizo ikisogea wiki 2 tu, ulinganisho unaharibika. Je, tuhesabu kwa wiki za muhula? Na mpangaji wa miezi 9, tumhesabu mkazi?