Bawa likigonga wakati ndege inasukumwa nyuma, abanwe dereva wa trekta peke yake?

Wa Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu, juzi kijiweni tulibishana mpaka chai ikapoa. Jamaa mmoja alikuwa na video: ndege inasukumwa nyuma, ncha ya bawa inakwangua mkia wa jirani yake. Kijiwe kizima kikaamua kesi palepale kwamba dereva wa trekta afukuzwe kazi. Nikabaki peke yangu, ndiyo maana naileta hapa. Msimamo wangu: wa kwanza kubanwa ni aliyeamuru ndege itoke wakati watu wa chini hawajatimia. Dereva afuate baadaye.

Ndege ya abiria haina gia ya rivasi. Ikiingia maegeshoni pua ikitazama jengo, inatolewa na trekta linalosukuma gurudumu la mbele. Rubani hauoni mkia wake. Dereva yuko chini ya pua, mbele yake ni tumbo la ndege tu. Macho ni ya wale wawili wanaotembea sambamba na ncha za mabawa, fimbo mkononi, pamoja na yule wa hedseti anayeongea na rubani. Mwondoe mmoja, mnatoka kwa kubahatisha.

Niliwahi kupakia mizigo kwenye uwanja fulani, siutaji. Usiku mmoja mtu wa bawa la kulia aliitwa akasaidie mizigo iliyochelewa. Msimamizi anatazama saa: "Sukumeni, muda umekwisha." Ndege ikaanza kurudi. Kulia kulikuwa na lori la chakula, sanduku lake bado liko juu. Mtu akapiga mluzi, breki ikakamatwa, ndege ikanesa kama ng'ombe aliyekatizwa kamba. Kati ya bawa na lile sanduku ungepitisha ngumi, kichwa hapana. Asubuhi aliyeitwa kuandika maelezo ni dereva. Msimamizi zamu yake ilikuwa imeisha, yuko kwake amelala.

Msidhani ni mambo madogo. Januari 2018 pale Toronto, ndege ya Sunwing isiyo na abiria ilikuwa inasogezwa nyuma ikaigonga ya WestJet iliyokuwa inasubiri kuingia maegeshoni. Moto ukawaka, abiria 168 wakashuka kwa mitelezo ya dharura kwenye baridi ya Kanada.

Wa Area D

Mkuu, umewaonea huruma vibarua mpaka umepitiliza. Dereva ana breki. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba usipomwona mtu wa ishara, unasimama. Huyo wako alijua kulia hakuna mtu na bado akasukuma. Angekataa!

Halafu idadi ya watu siyo dawa ya kila kitu. Januari 2024 uwanja wa New Chitose, Japani, ndege ya Korean Air yenye watu 289 ilikuwa inasukumwa ikaigusa ya Cathay Pacific. Kampuni ilisema trekta liliteleza kwenye theluji. Hapo ungepanga waangalizi kumi wangefanya nini? Wangeshuhudia tu.

Wa Ipagala

Theluji Dodoma? Sisi tuna vumbi na upepo. Hapa mjini ndege mbili zikiwa chini kwa pamoja watu wanapiga picha. Huu mjadala uhamie Dar.

Wa Kizota

Mimi ni dereva wa semi trela, nilianza kama utingo. Pale soko la mahindi Kibaigwa unarudi nyuma katikati ya magunia, mikokoteni na mama lishe. Utingo anakupigia bodi kwa kiganja: vikofi vyepesi, njoo; kofi moja zito, simama. Tajiri akinipa gari bila utingo, sirudi nyuma. Nazima, naenda kunywa supu.

Ila nikiparua ukuta, utingo halipi, nalipa mimi. Kwa hiyo nipo na Area D nusu. Aliyeshika usukani hana ruhusa ya kusema sikuona.

Wa Makole

Mnachanganya vitu viwili. Uchunguzi wa ajali ya ndege, kwa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, upo ili ajali isijirudie. Hautafuti wa kulaumiwa. Nani alipe ni kazi ya bima na mahakama.

Mkianza kwa kufukuza watu, mtavuna kimya. Dreamliner, yaani zile Boeing 787 kubwa ambazo Air Tanzania inazo, bodi na mabawa yake kwa sehemu kubwa ni nyuzi za kaboni. Bati likigongwa linabonyea, kila mtu analiona. Nyuzi za kaboni zinaweza kuonekana safi kwa nje huku ndani tabaka zimeachana. Sasa kibarua anayejua atafukuzwa, akaona toroli limegusa bodi na hakuna alama, atasema? Atafuta vumbi kwa kitambaa, ndege iondoke. Hapo ndipo mimi ninapoogopa, kuliko hata hiyo video.

Wa Nkuhungu

Ipagala, uwanja mpya wa ndege wa Msalato, hapahapa Dodoma, umeusahau? Rais Samia aliweka jiwe la msingi Oktoba 2022, na njia yake ya kurukia ya kilomita 3.6 si ya vindege vya watalii. Viwango vya kimataifa vinataka ndege inayoingia au kutoka maegeshoni iachane na jirani yake angalau mita 4.5 kwa ndege ya kati ya saizi ya Airbus A220, mita 7.5 kwa Dreamliner. Mita 4.5 ni kama urefu wa gari moja la Noah. Mabawa ya mita 35 kutoka ncha hadi ncha unayapitisha kwa nafasi ya Noah, usiku, vumbi linapuliza. Desturi za kazi ziwekwe sasa, kabla watu hawajazoea njia za mkato.

Area D, "angekataa" ni neno jepesi ukiwa kwenye kiti. Kibarua wa mkataba wa miezi mitatu akikataa leo, mwezi ujao jina lake halimo kwenye zamu. Kizota anaweza kuzima gari akanywe supu kwa sababu madereva wa semi wanatafutwa.

Makole umenitikisa. Nilikuja hapa nikitaka msimamizi afukuzwe, na kumbe naye akiogopa atafundisha vijana wake kunyamaza.

Wa Area D

Basi TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, waandike wazi: mtu wa bawa hayupo, trekta haliwashwi, na anayekataa asiguswe. Hiyo naiunga mkono. Ila ikiandikwa, halafu dereva akasukuma hivyohivyo, nisisikie tena habari za mkataba wa miezi mitatu.

Wa Kizota

Na aliyemtoa mtu wa bawa akabebe mizigo, huyo kwenye maelezo ataandikwa wapi?