Diwani ya hadithi fupi kwa watoto wa sekondari: nianze na ipi?

FundiMakorora (Tanga)

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora, Tanga. Jumamosi nikishafunga kazi, watoto wa kidato cha kwanza mpaka cha tatu hukaa barazani kwangu, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza. Tulianza na binti zangu na mtoto wa dada yangu, sasa mkeka mmoja hautoshi. Wavulana nao wanakuja na baiskeli zao, wanaziegemeza ukutani, wanajifanya wanapita tu, kisha hao wamekaa.

Shida yangu ni vitabu. Riwaya tumejaribu. Sura ya kwanza wanaisikiliza vizuri, ya pili pia. Jumamosi inayofuata wengine wako madrasa, wengine wamepelekwa Muheza kwa bibi zao, wakirudi hawajui nani kamuoa nani. Inabidi kuwasimulia upya, na waliokuwepo wanachoka. Kwa hiyo nimeona hadithi fupi ndiyo inayotufaa. Tunaianza baada ya alasiri na kabla ya magharibi imekwisha, na aliyekuja leo kaipata yote.

Sasa nikienda dukani naoneshwa ama vitabu vya sungura na fisi vyenye picha kubwa, ama miongozo ya mtihani. Mtoto wa miaka 15 ukimpa sungura anaona umemdharau. Na hiyo miongozo ndiyo inayoniumiza zaidi. Nina binti mmoja mwenye sauti nzuri mno ya kusoma. Akifika mwisho, kabla hata wenzake hawajapumua, anafungua daftari anaandika "Mhusika mkuu na sifa zake". Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ameshazoea kwamba hadithi ikiisha lazima ifuate kazi.

Akina mama wa kikoba chetu wamechanga elfu sitini. Naombeni mniambie: kwa watoto wa umri huu ninunue diwani ipi? Na hadithi zote zilizomo zinafaa kusomwa mbele ya mtoto wa miaka 13? Sitaki mzazi anijie juu, na sitaki kuwapa watoto mahubiri.

---

MwlKaole (Bagamoyo)

Dada fundi, salaam kutoka Bagamoyo. Nimefundisha Kiswahili sekondari maisha yangu yote ya kazi na swali lako limenigusa, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

La kwanza, diwani nunua wewe na uisome yote wewe. Watoto wape hadithi mojamoja uliyoichagua. Wanaokusanya diwani huwa wanafikiria shule nzima, kuanzia kijana anayemaliza kidato cha nne hadi mwalimu wake. Hawamfikirii mtoto wa miaka 13 aliyekaa mkekani. Kwa hiyo usifuate mpangilio wa yaliyomo. Unaweza kuanza na ya saba, ukarudi ya pili, na nyingine ukaziacha kabisa mpaka mwaka ujao. Diwani inaruhusu hivyo, riwaya haikuruhusu.

Kitabu chenyewe: tafuta *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, wahariri ni Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, wachapishaji ni Longhorn. Waandishi wake ni mchanganyiko, wako wa Kenya na wako wa Zanzibar, kwa hiyo Kiswahili chake watoto wa Tanga hakitawashinda.

Anza na hiyo hiyo iliyobeba jina la kitabu, ya Said Ahmed Mohamed. Kuna mtaa wa maskini unaitwa Madongoporomoka, wakubwa wanautaka uwanja. Jitu moja linaingia kwenye mkahawa wa Mzee Mago na kula chakula chote kilichopikwa siku ile, kisha linaahidi kurudi kesho. Ninachokipenda ni kwamba mwandishi hatoi hotuba. Jitu linakula tu, wateja wengine wanaduwaa, na kesho yake mnaona kilichokuja. Niliwasomea kidato cha pili, wakabishana mpaka kengele ikalia: lile jitu ni mtu kweli au ni kitu kingine? Sikuwajibu, na wiki iliyofuata bado walikuwa wanaulizana. Wako wa Makorora watabishana zaidi, maana mambo ya viwanja wanayasikia majumbani kila siku.

Kisha *Shibe Inatumaliza* ya Salma Omar Hamad. Mkubwa mmoja anafanya sherehe kubwa, kisa mtoto mmoja kaingia skuli na mwingine kaota meno. Magari ya serikali yako kazini kwa ajili ya sherehe hiyo, na watu wawili waitwao Sasa na Mbura wanakula hawajui wanakula nini. Mpe mvulana mmoja maneno ya Sasa na mwingine ya Mbura, usimulizi msome wewe. Wale wanaojifanya wanapita na baiskeli ndio watakaogombea nafasi.

Sasa kuhusu umri, na hapa nisikilize vizuri. *Mame Bakari* ya Mohammed Khelef Ghassany ni ya Sara, mwanafunzi anayebakwa na kupata mimba. Ni hadithi yenye huruma kubwa na ningetaka kila msichana wa kidato cha tatu aisome, lakini si siku ile mkeka umechanganyika na wa kidato cha kwanza. Itengee siku yake, wakubwa watupu, na mzungumze nao kwanza akina mama wenyewe. *Mtihani wa Maisha* ya Eunice Kimaliro inamhusu Samueli, anayefeli mtihani na kwenda kujitosa bwawani. Anaokolewa. Hiyo usiisome wiki ya matokeo, na usiwaache watoto waondoke palepale inapoisha. Kaa nao, kunyweni chai, waongee. Unaweza kuwa na mtoto mwenye hofu hiyo hiyo na hujui.

*Mkubwa* ya Ali Abdulla Ali inahusu biashara ya dawa za kulevya. Sisi watu wa pwani, unga umetumalizia vijana mabarazani, wala sioni sababu ya kuwaficha watoto hadithi ya jambo wanalopishana nalo wakienda shule.

Urefu pia uangalie. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida, ukisomwa kwa sauti bila haraka, unachukua kama dakika tatu. Hadithi ya kurasa kumi ni nusu saa. Ikizidi kurasa kumi na tano, panga mahali pa kupumzika, na ukate pale mambo yalipochemka. Ukikata mambo yalipotulia hawatarudi kukaa.

Kuhusu binti yako wa daftari. Mwache aandike, ila mbadilishie swali. Mwulize nani alimkera kuliko wote, na angemwambia nini kama wangekutana sokoni. Akishaandika maneno ya kumwambia mtu huyo, ameshaacha mwongozo bila wewe kumkataza. Na mpe hadithi asizowahi kuzisikia darasani, akose mahali pa kunakili.

---

Mzigo_Horohoro

Dada fundi, mimi nafanya biashara njia ya Tanga na Mombasa, na vitabu vya mitumba huwa napita navyo. Mwalimu kasema vizuri, naongeza upande wa bei tu.

Hicho kitabu kilikuwa kinatahiniwa Kenya kwa miaka kadhaa, halafu kikabadilishwa kikaja *Mapambazuko ya Machweo*. Kikishatoka kwenye mtihani, waliomaliza wanauza nakala zao, ndiyo maana mitumba yake Mombasa ipo mingi na bei yake haifanani na ya kitabu kipya. Kwa pesa yako bora upate nakala kadhaa za mitumba kuliko moja mpya ikazunguka kama kijiti cha mbio.

Kabla hujalipa, angalia mambo haya. Fungua katikati uone kama kurasa zinafuatana, maana nakala za wizi wa chapa huwa zinaruka kurasa au zinarudia zile zile. Pitisha kidole kwenye maandishi, wino ukibaki kidoleni achana nacho. Angalia hadithi ya mwisho ipo nzima, wanafunzi wana tabia ya kuchana kurasa za mwisho. Na ukiona pembeni pameandikwa majibu kwa penseli, usikatae, futa tu. Hao watoto wako wasiyaone.

---

BabaWawili_Chumbageni

Samahanini, mimi nina mawazo tofauti. Wakati wangu tulisoma riwaya, tamthilia na ushairi, ndivyo vilivyokuja kwenye mtihani. Mtoto wa kidato cha tatu akitumia Jumamosi kusikiliza hadithi ambazo hazitaulizwa, mwenzake yuko tuisheni anatatua maswali. Nampongeza dada kwa moyo wake, ila kwa nini asiwasomee vitabu vilivyoteuliwa, wakapata burudani na alama kwa pamoja?

---

binti_pongwe

Shikamooni wakubwa. Shikamoo Baba Wawili, naomba nikujibu kwa heshima kwa sababu mimi nimemaliza kidato cha sita juzi tu.

Vile vilivyoteuliwa tunavisoma mpaka tunavichoka. Mimi mpaka naingia chumba cha mtihani najua sifa za kila mhusika kwa kichwa, na kuna kitabu kimoja kati ya hivyo sijawahi kukisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisoma mwongozo. Darasa letu karibu wote tulikuwa hivyo. Alama nilipata. Lakini swali la insha ya masimulizi likija nilikuwa siwezi kabisa, najaza ukurasa kwa "hapo zamani za kale" na methali tatu. Kilichonisaidia ni hadithi fupi alizokuwa nazo mjomba wangu, vijitabu vidogo vya Longman vya miaka ya sabini vilivyotokana na mashindano ya hadithi ya BBC Idhaa ya Kiswahili. Karatasi zimegeuka rangi ya chai. Mle ndimo nilipoona mtu anaingia kwenye habari kwa sentensi moja tu bila kueleza alizaliwa wapi na mama yake alikuwa nani.

Shangazi fundi, na mimi nikuambie kinachotuchosha kwenye diwani nyingi. Msichana wa hadithi akipenda, lazima apate mimba au afukuzwe shule. Akiwa na simu, simu ndiyo itakayomponza. Ukurasa wa pili tunajua mwisho. Tunataka msichana anayegombana na rafiki yake wa damu kwa sababu ya kitu kidogo na hajui aanzeje kuomba msamaha. Tunataka mvulana anayeona aibu kwa kazi ya baba yake. Hayo ndiyo mambo yanayotukosesha usingizi. Ukisoma kabla yetu, kama alivyosema mwalimu, hadithi ambayo mwisho wake wewe umeujua mapema na sisi tutaujua, iache.

Na jaribu jambo moja: funga kitabu ikibaki ukurasa mmoja, kila mtu aandike mwisho wake, halafu ndiyo msome wa mwandishi. Sisi tulifanya bwenini usiku, tulipigiwa kelele na matroni tulale.

---

FundiMakorora (Tanga)

Jamani ahsanteni sana. Nimesoma yote, na mengine nimewasomea mabinti zangu hapa huku napiga pasi.

Baba Wawili, nakuelewa, na mtihani wa hawa watoto unaninyima usingizi kama unavyokunyima wewe. Ila siku tano za wiki wanasoma kwa ajili ya mtihani, na Jumamosi asubuhi wako tuisheni. Saa ile ya baada ya alasiri ndiyo pekee ambayo mtoto anafungua kitabu bila mtu kumwekea alama. Nikiipeleka nayo kwenye maswali, wale wavulana wa baiskeli sitawaona tena. Mlete wako Jumamosi moja, ukae naye mwenyewe usikilize, kisha uniambie.

Mwalimu, nimekubali utaratibu wa kuisoma kwanza mwenyewe. Nina swali: kwa *Mame Bakari*, mimi si mwalimu wala nesi. Mtoto akiniambia jambo lililompata nyumbani kwao, nifanye nini?

Mzigo, nahitaji nakala nne, nzima. Ukipata za bei nzuri niwekee na ya tano.

---

MwlKaole (Bagamoyo)

Swali lako ni zito na nimefurahi umeliuliza kabla ya kusoma. Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu. Msikilize, usimkatize, usimwulize maswali ya polisi. Mwambie kosa si lake. Kisha nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116. Iandike ndani ya jalada la kitabu, nakala zote nne, mtoto aione bila kukuomba.

Na usisome hadithi ile peke yako na wasichana. Awepo mama mwingine wanayemwamini.

---

Mzigo_Horohoro

Nakala nne nimeziandika, dada. Navuka mpaka Alhamisi, Ijumaa jioni nipo stendi ya Tanga. Njoo na mtu wa kuzifungua kurasa tuzikague pamoja kabla hujanipa hela.