Naomba ushauri: vipimo vyote safi, lakini mguu wa mdogo wangu hauna nguvu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mdogo wangu, binti wa miaka 24, mguu wake wa kushoto umeishiwa nguvu tangu mwezi wa tatu. MRI ya kichwa na ya uti wa mgongo, damu, vyote safi. Daktari wa mishipa ya fahamu alimlaza chali, akamwambia akandamize kitanda kwa kisigino cha kushoto: wapi. Alipomwambia ainue mguu wa kulia, kile kisigino kikakandamiza chenyewe, tena kwa nguvu. Akatueleza kwamba ubongo haujaumia, ila mawasiliano kati ya sehemu zinazohusika na hisia na zile zinazoendesha viungo yamebadilika, na kwamba haigizi. Nilishukuru mno kusikia hivyo, maana nyumbani wanasema anadeka, na inamuumiza sana.

Vitamini na dawa za maumivu hazijasaidia. Mazoezi ya viungo aliyaacha, kwa sababu aliyekuwa akimfanyisha alimwambia "jitahidi tu".

Naomba kujua: kuna aliyepata nafuu kwa mazoezi pamoja na ushauri wa kisaikolojia, na walianzia wapi? Na mzazi anayeamini kuwa vipimo safi maana yake hakuna ugonjwa, mlimweleweshaje?