Chukudu ziondolewe kwenye lami? Kwanza tukubaliane tunazihesabu vipi

Mwanzisha mada, Majengo
Hapa mtaani Goma, Kongo, kuna wanaotaka chukudu, hivi vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, zisiingie kwenye lami asubuhi na jioni, eti ndizo zinazoleta ambuteyaji, yaani msongamano. Mimi napinga, wala si kwa huruma. Hesabu yao ina kasoro.

Wahandisi wa barabara hupima kila chombo kwa gari dogo: kinahesabiwa sawa na magari madogo mangapi. Mwongozo wa India wa 1990 kwa barabara za mijini huhesabu pikipiki kuwa 0.5 zikiwa chache, 0.75 zikiwa nyingi. Mkokoteni wa mkono ni 2 hadi 3. Ukiibandika chukudu namba ya mkokoteni, basi imekwisha hukumiwa: chombo kimoja, magari matatu!

Lakini itazame ile inayoteremka kutoka kule juu Kibumba na magunia ya makala (mkaa). Kwenye mteremko jamaa amepiga goti moja, mguu wa pili uko tayari kwenye kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma, na hata pikipiki inapata kazi kumpita. Akifika tambarare anashuka, anasukuma, kifua kimelalia gunia. Mzigo ni ule ule, upana ule ule, ila sasa anakaa juu ya kila mita ya barabara muda mrefu zaidi. Namba yake imepanda bila yeye kubadilika. Utaiandika ipi?

Tena hesabu za kale za mwendo wa magari barabarani, kama ile ya mhandisi Greenshields ya 1935 kule Marekani, zilitoka kwa magari yanayofuatana. Pale kwenye mzunguko wa Signers nani anamfuata nani? Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hafuati gari, anafuata upenyo.

Motari wa Ndosho
Mkubwa wangu, kwa upenyo umesema kweli. Ila chukudu ikibeba mbao ndefu zinazotokeza pande zote, upenyo wenyewe uko wapi? Mimi nina mteja mgongoni anayeniambia amechelewa. Wazuiwe saa moja hadi saa mbili tu, siombi zaidi.

Mama wa kabichi, soko la Virunga
Saa moja ndiyo saa yangu, mwanangu. Kabichi ikifika saa nne nitamuuzia nani? Na lile gari linalosimama katikati ya njia, dereva ashushe kioo anunue megabaiti, mbona hamlihesabu?

Msomaji mwingine
Na ile sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, nayo tuiondoe kwenye lami?

Mwanzisha mada, Majengo
Motari, kwa mbao nakubali: mzigo unaotokeza uwe na saa zake. Hapo tatizo ni upana, na upana unapimika. Lakini sheria hiyo isimguse anayeleta kabichi, ambaye mzigo wake hauzidi upana wa chombo chake.

Mama umenigusa mahali nilipopasahau. Gari lililosimama halina mwendo, kwa hiyo kwenye hesabu ya vyombo vinavyopita halionekani kabisa, na huku limekula nusu ya njia. Ndiyo maana nasema tusihesabu vyombo, tupime eneo: kipande kimoja cha lami, nani anakikalia na kwa sekunde ngapi. Chukudu, pikipiki, jeep, wote kwa kipimo kimoja.

Simu yenye kamera inatosha, mradi iwe juu. Nani ana dirisha la orofani linalotazama Signers? Nitaleta chai.